Kilichomtoa Msagaji Ryansoro

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake waulizeni wenye ukoo. Mimi nilimkuta tayari ni mtu mzima, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi kucha, amesimama mlangoni kwa mashine ya kusaga kule kambini Tanzania, anamkaripia mwanamke mmoja aliyeleta mahindi ambayo hayajakauka.

"Mahindi mabichi ni ugomvi wa kesho," alimwambia. "Yataziba chekeche, halafu utasema nimekuibia. Rudi ukaanike."

Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Nilirudi nikaanika. Sikumsamehe, lakini tangu siku hiyo sikusaga kwa mtu mwingine.

Kila mtu alimwita Msagaji. Amani ilipokuja tukavuka mpaka pale Kobero kurudi Burundi na virago vyetu, tukakaa Muyinga kwanza kama wengi walivyokaa, tukingoja kujua nani yuko kwenye shamba la nani, na jina hilo likavuka pamoja naye. Baadaye mwanawe Yohana akamwoa binti yangu, Mama Eliya. Kwetu mzazi wa mume na mzazi wa mke huitana bamwana, nami nilimwita hivyo nikiwa mbele yake. Akishageuka, alikuwa Msagaji tu.

Alikuwa msagaji asiyekula ugali. Viazi vitamu na maharage, basi. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza, "Seremala analala juu ya meza?" Hilo si jibu, lakini majibu yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, na mtu alikuwa ameshafika nyumbani ndipo anatambua kwamba hakujibiwa.

Wasagaji wengine wanapiga kelele ili washinde mashine. Yeye alikusogelea akasema chini chini, na sijui ilikuwaje, ulimsikia. Kwenye kwaya walimweka nyuma kabisa na wenye sauti nzito, na bado mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba mzee huyu anaimba noti ambayo haimo. "Imo," alisema Msagaji, "iko chini ya hiyo yenu." Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja ukutani kila anapowasha mashine. Watoto wa Muyinga walisema anasalimia. Mimi aliniambia kwamba mkanda ukianza kulegea ukuta humwambia kabla ya sikio. Nilimwambia ukuta hausemi. "Basi nasema mwenyewe," akajibu, na akaendelea kuupapasa.

Mkono wake ulikuwa mgumu na laini kwa wakati mmoja. Mwanamke akilalamika kwamba unga wake umepungua, atamwambia kavu bila kumwangalia, "Mashine imekula." Kila msagaji husema hivyo na kila msagaji anadanganya. Lakini jioni alifagia kile ambacho mashine imekula, akakipeleka kwa wajane, kilo nzima, na ukimshukuru anakasirika. Mimi nilikuwa mjane. Najua hasira hiyo ilivyo.

Jumapili alikuwa mgonjwa. Si homa. Mashine ikizimwa tangu Jumamosi jioni, yeye Jumapili anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, hakai, hali vizuri, anasema kimya kinamkalia vibaya kifuani. Nilimwambia aende zahanati. Alisema zahanati hawana dawa ya Jumapili.

Na mizimu hakuiamini hata kidogo. Hapo alikuwa Mkristo kuliko mchungaji. Mtu akisema ameona marehemu, Msagaji anauliza, "Alikuwa amevaa nini?" Basi mtu huyo anaanza kubabaika. "Mfu hana safari," alikuwa anasema. Kumbe kulikuwa na mfu mmoja ambaye hakumtaja kwa mtu yeyote. Huyo alikuwa kaka yake, aliyebaki kwao Ryansoro wakati wengine walipokimbia, akafia pale pale shambani. Msagaji hakumzika. Waliomzika ni watu waliokuja kukaa kwenye shamba hilo.

Shamba hilo ndilo jambo lenyewe. Lilipofika mbele ya bashingantahe, wazee wanaosuluhisha watu, liligawanywa katikati: nusu kwa Msagaji na watoto wake, nusu kwa Nahimana, ambaye baba yake alihamia pale wakati wa vita. Wakapanda ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, katikati. Nahimana si mtu mbaya. Siku ya kugawa alituletea ndizi, akamwonyesha Msagaji kaburi la kaka yake, limepaliliwa. Nusu hiyo ndiyo mali pekee ya wajukuu wangu. Hawana pengine. Ndiyo maana nilikuwa na macho manne juu yake, hata nilipohamia Gitega mjini kuuza maharage soko la Nyamugari.

Msagaji alijenga nyumba ya matofali, akaleta mashine kutoka Muyinga kwa lori, akaijengea kibanda nyuma ya nyumba. Bomba la moshi alilifanya refu sana, akalipitisha kando ya ukuta mpaka upande wa chumba cha nyuma, ili moshi usiwaguse wateja. Nilimsifu kwa hilo. Wateja walikuwa wanatoka milima yote.

Chumba hicho cha nyuma ndicho walichowapa watoto.

Mwanzo alikuwa Eliya, hajatimiza miaka mitatu. Alilala mchana humo, akaamka analia kilio ambacho mama yake hakukijua, macho kwenye kona. Kesho hivyo hivyo. Mama Eliya akaingia kufunga kanga akasikia baridi mgongoni, jua linawaka nje. Akasema ni kama mtu amesimama nyuma yako, unageuka, ukuta. Akaniletea habari sokoni. Nilimwambia amechoka, ana mimba, aache upuuzi. Nikaenda mwenyewe nikamwonyeshe.

Nilikaa kwenye kitanda cha watoto. Sisemi niliona kitu. Nasema kifua kilinibana kama nimemeza tonge bila maji, na nikapata huzuni isiyo na mwenyewe. Nilianza kumlilia mume wangu, ambaye nilimaliza kumlilia zamani. Nikatoka haraka, nikasema chumba kina unyevu.

Mtaniuliza kwa nini hatukufikiria mashine. Kwa sababu humo ndani mashine karibu haisikiki! Ukuta ni mnene, dirisha ni dogo, kelele yote inabaki mbele kwa wateja. Na sisi tumelea watoto kando ya mashine miaka yote. Mashine ni kitu cha kumbembelezea mtoto. Nani angeishuku?

Msagaji alitucheka, mpaka gurudumu la mashine lilipomwangukia mguuni. Akalazwa chumba cha nyuma, mguu juu ya mto, binti yangu akamshikia kazi. Mara ya kwanza maishani mashine yake inasaga, naye hayupo kando yake. Kufika saa ya chakula tulimkuta amejikokota mpaka uani kwa matako, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Yupo," alisema.

"Nani?" nikamuuliza.

"Kaka. Amesimama pembeni ya jicho langu la kushoto. Wa kijivu. Nikimtazama, hayupo."

"Alikuwa amevaa nini?" nilimuuliza. Nilifikiri atacheka.

Hakucheka. Akasema, "Hataki niwe hapa."

Basi tukafanya kile ambacho kila mtu wa huku angefanya. Kwetu mtu akifa kuna kuganduka, siku ya kumaliza matanga: watu wanakuja, pombe ya mtama inanywewa mtungini kwa mirija, mzee anasimama anasema msiba umekwisha, shikeni majembe. Kaka yake Msagaji hakufanyiwa. Vita haina kuganduka. Tukasema, ndicho anachodai. Yohana akasimamisha kazi, binti yangu akapika pombe, Nahimana na mkewe wakaja na mirija yao, mzee akasema maneno. Siku zile zote mashine ilinyamaza kwa heshima. Eliya akalala chumba cha nyuma kama gunia. Mimi mwenyewe niliingia nikakaa: chumba tu. Tulimshukuru Mungu, na marehemu pia kidogo.

Jumatatu wateja walikuwa wamejipanga. Mashine ikawashwa. Eliya akaanza kulia.

Tukasema labda pombe haikutosha.

Nilikuwa nimechanganyikiwa, na mimi sipendi kuchanganyikiwa, nikamsimulia jirani yangu wa sokoni, Papa Shukuru, Mkongomani wa Kivu anayeuza mikanda na vipuri vya mashine. Aliacha kula.

"Mama, hiyo chumba iko upande gani ya bomba?"

"Bomba linaishia hapo hapo."

"Aaa! Mi nilifanyaka kazi mu kiwanda ya sukari kule kwetu. Kulikuwaka bureau moja, ofisi, watu banaikimbia, banasema iko na shetani. Iko sauti, Mama. Sauti ya chini sana, sikio haiwezi kuikamata. Lakini mwili inaikamata."

"Sauti isiyosikika ni sauti gani?"

"Ndiyo ile ile naambia we!"

Nilimpeleka Ryansoro. Aliweka beseni la maji chini chumbani, akatuita tutazame. Uso wa maji ulikuwa unajikunja vikunjo vidogo vidogo, kama ngozi ya maziwa. Hakuna upepo. Akapiga kelele uani mashine izimwe. Maji yakatulia. Iwashwe. Yakajikunja.

"Munaona? Bomba iko mrefu, inapuliza kama baragumu, na chumba inaitikia."

Msagaji aliinama juu ya beseni. "Maji yanatetemeka," alisema. "Hilo nakubali. Lakini aliyesimama pembeni ya jicho ni maji?"

"Jicho nayo inatetemeka, Papa! Ile kitu ya kijivu ni jicho yako mwenyewe."

"Basi jicho langu linajuaje alivyosimama kaka yangu?"

Papa Shukuru akabeba beseni lake akalimwaga uani. Mimi swali hilo ninalo. Mpaka leo.

Hata hivyo walikata bomba, kipande kilichobaki wakakigeuza kielekee ule ua wa miyenzi. Na chumba kikapona! Moshi ukawa unawala wateja, wakalalamika, lakini watoto walilala. Nilirudi Nyamugari nikimsifu Papa Shukuru kwa kila mtu. Wiki haikuisha, Mama Eliya akaja mbio sokoni, kitenge kimefungwa upande.

"Mama, njoo. Nahimana ameita bashingantahe."

Kumbe kile kitu kilikuwa kimevuka ua. Nahimana alikuwa amejenga nyumba mpya karibu na miyenzi. Mkewe amejifungua juzi, yumo ndani na kitoto, anatetemeka, anasema kuna mtu pembeni. Mbuzi wamegoma kuingia bandani.

Tulikaa chini uani kwa Nahimana, wazee kwenye viti. Nahimana alisimama. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mzee," alimwambia Msagaji, "kaka yako tulimzika sisi. Shuka ilikuwa ya mama yangu. Nyinyi mmekuja, tumegawana, sikusema kitu. Kuganduka nimekunywa. Leo amewasumbua, mmemfukuza kwenu, mmemtuma kwangu? Kwa mtoto wa siku tatu?"

Papa Shukuru, niliyekuja naye, akasimama aeleze. Alieleza vizuri, kwa mikono, mpaka baragumu akapuliza kwa mdomo. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo sauti, wewe uliisikia?"

"Hapana, Papa. Haisikikake."

"Basi wewe na huyu mama mwenye mtoto mna ushahidi mmoja. Yeye pia hasikii kitu, anaogopa tu."

Watu wakacheka. Papa Shukuru akakaa. Nilitazama ua ule wa miyenzi, nikafikiria jinsi unavyong'oka kirahisi. Vijana wa ukoo wa Nahimana walikuwa wamesimama nyuma, hawakucheka. Nikamtazama Eliya mgongoni kwa mama yake. Huyu, nikasema moyoni, akitoka hapa anakwenda wapi? Kambini tena?

Ndipo Msagaji akainuka, mguu bado haujapona. "Nahimana," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "mama yako alimpa kaka yangu shuka. Sitamlipa mkwe wake usiku mbaya. Kesho naondoka. Mimi na mashine."

"Mashine peke yake yatosha!" nilisema. Mwanamke hasemi pale bila kupewa nafasi, lakini nilisema. "Bamwana, waachie watoto wako kichwa cha nyumba. Peleka mashine, wewe baki."

"Na tukikosea?" aliniuliza. "Tukiondoa mashine, halafu asubuhi kichanga kinalia? Watanipa nafasi ya pili?"

Nilimfungia viazi vya safari. Walipakia mashine kwenye lori alfajiri, akakaa juu ya gunia kando yake, akaenda Muyinga. Hakuaga wajukuu. Alisema wakimwona analia watadhani ameona kitu.

Miaka imepita, na tangu siku hiyo Ryansoro kumetulia. Chumba cha nyuma kimetulia, nyumba ya Nahimana imetulia, mbuzi wameingia bandani. Yohana analima nusu yake, na ua umekuwa mrefu kuliko mimi. Papa Shukuru anasema, "Mama, si niliambia we ni mashine?" Na mke wa Nahimana ananishika mkono kanisani na kusema, "Yule mzee aliondoka na mtu wake, Mungu ambariki." Wote wawili wana uhakika. Mimi kila anayesema ananivuta kwake, na akinyamaza narudi katikati.

Juzi nilikwenda Muyinga kwenye msiba, nikapita kumwona. Kibanda chake kiko karibu na barabara, hakina ukuta pande tatu. Amekonda. Nyusi bado nyeupe, ila sasa hata akijipangusa haziwi nyeusi. Aliponiona alizima mashine, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaguna.

"Bamwana," alisema, "watoto wanaendeleaje?"

"Wazima. Mama Eliya amepata mwingine tena, msichana. Anabatizwa Jumapili. Wewe ndiye babu, unatakiwa umpe majina."

"Nitatuma mtu."

"Majina hayaletwi na mtu mwingine. Panda gari uje. Bila mashine. Unakaa siku moja, unarudi."

Alifuta kiti kwa mkono, nikakaa, yeye akabaki wima.

"Nikija na mashine, na mtoto akalia," alisema, "nitasema ni mashine. Nikija bila mashine, na mtoto akalia, nitasema nini?"

"Hatalia."

"Sasa hivi sijui ni ipi kati ya mashine na mimi. Ninalala, bamwana, kwa sababu sijui. Unataka niende nikajue?"

Mimi ni mtu wa kusema kitu kilivyo. Wanangu waliniogopa kwa hilo, na wateja wangu wananiamini kwa hilo, nikisema maharage ni ya mwaka huu ni ya mwaka huu. Nilimtazama mzee yule ambaye nyumba yake mwenyewe ameijenga, hajala Noeli ndani yake, na nikasikia mdomo wangu unasema:

"Eliya bado analia."

"Unasemaje?"

"Analia humo chumbani. Si kila siku, mara moja moja. Hata wiki iliyopita. Mashine haipo, wewe hupo, na mtoto analia. Watoto wanalia, bamwana! Si wewe na si mashine. Ni mtoto."

Hajalia hata mara moja tangu lori lile lilipoondoka.

Msagaji alikaa kwenye gunia la mtu. Alicheka kidogo, halafu akafunika uso kwa viganja, na alipoviondoa machozi yalikuwa yamefanya uji kwenye unga. Wanawake wa foleni wakatazama pembeni.

"Miaka yote hii," alisema. "Mbona Yohana hakuniambia?"

"Yohana anaona aibu."

"Basi nakuja Jumapili. Na mashine nitairudisha. Kama si yenyewe, inafanya nini huku?"

"Mashine iache."

"Kwa nini?"

"Barabara ni mbaya," nilisema.

Leo ni Alhamisi. Binti yangu ametandika chumba cha nyuma, kwa sababu hakuna chumba kingine cha kumlaza mgeni, na Eliya amesema atalala na babu. Nahimana ameambiwa, akautazama ua kwanza, kisha akasema atakuja kunywa. Papa Shukuru amecheka, anasema sasa tutajua.

Mimi sitaki kujua. Namwomba Mungu mtoto asilie.